Mei, Upande wa Nyuma

Fundi wa pampu alipomaliza mkataba wake Igogo
alimwachia shangazi Nyanzobe ndoo mbili, koleo,
na kalenda ya kwao, Denmaki, ya mwaka tisini na moja:
miezi kumi na miwili, picha kumi na mbili,
na wiki inayoanza Jumatatu,
siku ya tatu imekalia kiti cha kwanza.
"Hawa," akasema shangazi, "hata kuhesabu wanahesabu wapendavyo."

Akaitundika kwenye msumari wa mizani, kule Mwaloni,
nyuma ya magunia ya dagaa,
na kwa kuwa karatasi yake ilikuwa nene, tupu kwa nyuma,
akaifanya daftari la madeni.

Hivyo ndivyo nilivyoijua Denmaki: kwa harufu.
Januari, kanisa jeupe, ukuta wake wa mbele
umekatwa vidato vidato hadi juu
kama wa mtoto kuchezea kupanda;
geuza: Mama Kubyo, madebe matatu, kalipa mawili.
Machi, chombo cheusi kilichofukuliwa matopeni,
mbavu nje, omo imejikunja kama mkia wa kinyonga.
Agosti, nyumba nyembamba zimebanana kando ya mfereji,
nyekundu, manjano, buluu,
kanga zilizosahauliwa kwenye kamba;
geuza: mwalimu wa Pasiansi,
ambaye hadi leo hapokei simu.

Juni hakuna. Juni iliziba dirisha kioo kilipovunjika:
mnara ambao ndani hauna ngazi,
njia tu, inazunguka, inazunguka,
hadi jua la Mwanza likaula wote, ukabaki msumari.

Mimi nilipenda Mei.
Mei ilikuwa jiwe.
Si kama majabali yetu, yaliyopandana juu ya maji
kana kwamba mtu alianza kujenga akaitwa chakula.
Jiwe moja tu, limepita kimo cha mtu kidogo,
limechongwa mnyama aliyesukwa pamoja na nyoka.
Fundi alikuwa ametueleza: mfalme mmoja wa zamani
alilisimamisha kwa ajili ya baba yake na mama yake.
"Basi?" shangazi akauliza. "Hilo moja?
Sisi tunayo mpaka ya kuanikia nguo,
na tunayaandika MARUFUKU KUKOJOA."

Nyuma ya Mei: Rwechungura wa Kemondo, magunia kumi na moja,
atalipa akirudi na ndizi.

Kisha ikaja Mei ya tisini na sita,
ambayo tarehe zake, ukizilinganisha, ni zile zile,
Jumanne imeketi juu ya ishirini na moja
kama ilivyoketi chini ya lile jiwe,
na meli haikufika.
Ndizi zilifika. Zinaelea.

Shangazi hakulia mbele yetu.
Alichukua biki ya buluu,
akapitisha mstari mmoja juu ya magunia kumi na moja,
akafunga kibanda saa nne asubuhi,
akaenda kununua chokaa.

Lile jabali nyuma ya choo chetu, Mabatini,
alilipanda kwa magoti, kanga kibwebwe, kopo menoni,
akaliandika jina lile refu, jiwe likamwishia:
RWECHUNG
na chini yake
URA.
Na chini zaidi, herufi ndogo, kama mtu anayenong'ona:
HADAIWI.

Mvua iliifuta. Akaandika.
Mvua iliifuta. Siku hizi hupanda kwa kushikwa mkono,
na herufi zimejifunza kuinama.

Mwaka jana nilimwonyesha kwenye simu jiwe lile la mfalme.
Sasa limejengewa nyumba ya kioo, lisinyeshewe, lisipigwe na baridi.
Akalivuta kwa vidole viwili, likakua, likakua,
akawa anatafuta kitu pembeni mwa picha.
"Wamelifungia," akasema.
"Sasa wa kulipaka upya atapita wapi?"

Akanirudishia simu.
Kwenye kioo chake, juu ya ule mlango asiouona,
alama ya kidole,
nyeupe.